Jicho la Kuchagua na Mkono wa Kulea: Uhakiki wa Vigezo vya Kupima Uwezo wa Uongozi wa Klabu katika Drafti ya NBA kwa Kurejelea Memphis Grizzlies, 2009

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna uwezo wa uongozi wa klabu ya mpira wa kikapu wa kutambua vipaji unavyohukumiwa baada ya drafti. Mfano uliochaguliwa ni uamuzi wa Memphis Grizzlies wa mwaka 2009 wa kumchukua Hasheem Thabeet katika nafasi ya 2, uamuzi unaotajwa mara kwa mara miongoni mwa machaguo mabaya zaidi katika historia ya ligi hiyo. Hoja kuu ni kwamba hukumu iliyozoeleka inachanganya mambo mawili yanayostahili kupimwa mbalimbali: uwezo wa kumtambua mchezaji na uwezo wa kumkuza. Kwa kutumia vigezo vitatu, yaani maarifa yaliyokuwepo wakati wa uamuzi, nafasi ya kukua aliyopewa mchezaji na wingi wa maamuzi ya uongozi uleule, uhakiki unaonesha kwamba Memphis ilikosea, lakini kosa lake kubwa halikuwa pale linapotafutwa na wengi.

1.0 Utangulizi

Drafti ya NBA ni utaratibu wa kila mwaka ambapo klabu 30 za ligi huchagua kwa zamu wachezaji wapya wanaotoka vyuoni au katika ligi za nje ya Marekani. Mwaka 2009 utaratibu huo ulikuwa na raundi 2 na machaguo 60. Klabu zilizofanya vibaya katika msimu uliotangulia hupata nafasi za mbele, na mpangilio wa nafasi za juu kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu. Memphis, iliyokuwa imeshinda michezo 24 na kupoteza 58 katika msimu wa 2008/09, ilipata nafasi ya 2.

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, klabu hiyo ilimchagua Hasheem Thabeet, kijana mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyekuwa amecheza misimu 3 katika Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa uteuzi huo alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Aliyefuata katika nafasi ya 3 alikuwa James Harden, aliyechukuliwa na Oklahoma City Thunder. Stephen Curry alichukuliwa na Golden State Warriors katika nafasi ya 7, na DeMar DeRozan na Toronto Raptors katika nafasi ya 9. Curry alitangazwa Mchezaji Bora wa Ligi mwaka 2015 na 2016, na Harden mwaka 2018. Thabeet alicheza mchezo wake wa mwisho wa NBA mwaka 2014, akiwa na wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7 kwa mchezo.

Takwimu hizo zikiwekwa sambamba huonekana kujitolea hukumu zenyewe, na wengi hawaoni haja ya kuuliza zaidi. Hata hivyo, swali la namna ya kuhukumu uamuzi wa aina hii lina uzito kwa pande mbili. Kwa upande wa uongozi, hukumu ya drafti huamua nani abaki kazini na nani aondoke, pamoja na mbinu zipi za kusaka vipaji ziendelezwe. Kwa upande wa mchezaji, hukumu iliyokusudiwa kwa ofisi humwandama yeye kwa jina. Meneja anaweza kulipwa deni la kosa moja kwa mafanikio mengine; kijana aliyechaguliwa hana drafti ya pili.

2.0 Kasoro za Kupanga Upya Drafti

Mbinu inayotumiwa zaidi katika kuhukumu ni ile ya kupanga upya drafti. Mhakiki huorodhesha wachezaji wa mwaka husika kwa kufuata mafanikio waliyoyapata baadaye, kisha hulinganisha orodha hiyo na ile halisi. Kadiri tofauti inavyokuwa kubwa, ndivyo klabu inavyohesabiwa kuwa ilikosea. Kwa mbinu hii, mwaka 2009 Curry anapanda hadi nafasi ya 1 na Thabeet anatoka kabisa katika raundi ya kwanza.

Kasoro ya kwanza ya mbinu hii ni kwamba hukumu hubadilika kulingana na siku inapotolewa. Lau drafti ya 2009 ingepangwa upya katika kiangazi cha mwaka 2010, Sacramento Kings ingesifiwa kuliko klabu zote. Mchezaji wake, Tyreke Evans, aliyechukuliwa nafasi ya 4, alikuwa ameshinda tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka wa Kwanza kwa wastani wa zaidi ya pointi 20, ribaundi 5 na asisti 5, kiwango ambacho kabla yake kilikuwa kimefikiwa na Oscar Robertson, Michael Jordan na LeBron James pekee. Blake Griffin, chaguo la 1, hakuwa amecheza mchezo hata mmoja wa msimu huo kwa sababu ya jeraha la goti. Lau ingepangwa upya mwaka 2012, Curry asingewekwa mbele bila mjadala, kwani katika msimu wa 2011/12 alicheza michezo 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Mkataba aliotia saini Oktoba 2012, wa miaka 4 na dola milioni 44, unaonesha kwamba hata klabu iliyokuwa naye kila siku mazoezini haikuwa na uhakika wa kitakachofuata. Ikiwa Golden State haikujua mwaka 2012, ni vigumu kudai kwamba Memphis ilipaswa kujua mwaka 2009.

Kasoro ya pili ni kwamba mbinu hii huwapa washindi sifa ya maarifa ambayo hawakuwa nayo. San Antonio Spurs husifiwa kwa kumpata Manu Ginobili katika nafasi ya 57 mwaka 1999. Lakini katika drafti hiyohiyo, klabu hiyo ilikuwa imetumia nafasi ya 29 kumchagua Leon Smith, ambaye haki zake zilihamishiwa Dallas usiku uleule. Vivyo hivyo, mwaka 2014 Denver Nuggets ilimchukua Nikola Jokić katika nafasi ya 41, baada ya kuwa imekwisha kumpata Jusuf Nurkić, senta mwenzake aliyechaguliwa nafasi ya 16, kwa mabadilishano na Chicago Bulls. Klabu inayojua kwamba imemwona mchezaji atakayekuwa bora katika ligi haimwachi apite mbele ya klabu nyingine kwa saa kadhaa. Sifa inayozistahili San Antonio na Denver ni ya kuona thamani pasipoonwa na wengine na ya kumlea mchezaji vizuri baada ya hapo. Hiyo si sifa ndogo, lakini ni tofauti na ile ya kujua.

3.0 Kigezo cha Maarifa Yaliyokuwepo

Badala ya kuuliza mchezaji alikuja kuwa nani, kigezo cha kwanza kinauliza uongozi ulikuwa na ushahidi gani siku ya uamuzi, na uliupimaje.

Ushahidi uliomuunga mkono Thabeet haukuwa mdogo. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa kongamano la Big East kwa miaka 2 mfululizo, na mwaka 2009 aligawana tuzo ya Mchezaji Bora wa kongamano hilo. Timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo. Zaidi ya hayo, alikuwa ameanza kucheza mpira wa kikapu akiwa tayari kijana wa umri wa sekondari, jambo lililowafanya wasaka vipaji waamini kwamba bado alikuwa mbali na kilele chake. Kutokana na ushahidi huo, kumweka katika kundi la juu la drafti hakukuwa wazo la Memphis peke yake.

Ushahidi uliompinga nao ulikuwepo, na ulionekana hadharani. Februari 2009, Connecticut ikiwa nafasi ya kwanza nchini, ilifungwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na DeJuan Blair, mchezaji mfupi kuliko Thabeet kwa takriban sentimita 20, alipata pointi 22 na ribaundi 23. Blair ndiye aliyegawana naye tuzo ya kongamano. Mchezo huo ulionesha kwamba mwili wenye nguvu na kitovu cha chini ungeweza kumwondoa Thabeet katika eneo lake, na katika NBA miili ya namna hiyo hupatikana kila usiku. Aidha, ushambuliaji wake ulitegemea sana kufunga akiwa karibu kabisa na kikapu.

Hapa ndipo kosa la kwanza la Memphis linapoweza kutajwa kwa haki. Urefu ni sifa adimu na haufundishwi. Ndiyo maana ofisi nyingi huupa uzito mkubwa. Lakini jambo kuwa adimu halilifanyi liwe na thamani sawa katika kila mazingira. Uongozi ulilipia bei ya nafasi ya 2 kwa sifa moja iliyo adimu, huku wachezaji waliofuata wakiwa na sifa kadhaa zilizokwisha kukomaa. Kosa hili ni la kupima uzito wa ushahidi, si la kutouona. Tena ni kosa ambalo soko zima lilielekea kulitenda. Minnesota Timberwolves, iliyokuwa na nafasi ya 5 na ya 6, ilichagua wachezeshaji wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na ikamwacha Curry aliyecheza nafasi hiyohiyo. Flynn alikuwa nje ya NBA baada ya misimu 3. Kwa kigezo cha maarifa yaliyokuwepo, ni vigumu kusema kwamba jicho la Memphis lilikuwa pofu kuliko macho ya jirani zake.

4.0 Kigezo cha Nafasi ya Kukua

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika mpira wa kikapu wa kulipwa, malezi yana kipimo kinachohesabika, nacho ni dakika za kucheza. Mchezo wa NBA una dakika 48 na wachezaji 5 uwanjani, hivyo kocha ana dakika 240 za kugawa. Nafasi ya senta humpatia dakika 48 tu, isipokuwa akiamua kuchezesha warefu wawili kwa pamoja.

Mwezi Juni 2009, Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol, senta aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza akiwa mmoja wa nguzo za kikosi. Mwezi uliofuata klabu ilimpata Zach Randolph kutoka Los Angeles Clippers, mchezaji mwingine wa karibu na kikapu. Kwa mpangilio huo, kijana aliyechaguliwa kwa sababu alihitaji muda wa kukua alipelekwa mahali pasipokuwa na muda. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68 kwa wastani wa dakika 13 tu. Februari 2010, kabla msimu huo haujaisha, alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, na hadi wakati huo hapakuwa na mchezaji wa chaguo la juu zaidi aliyewahi kupelekwa huko. Februari 2011 aliondolewa kwa mabadilishano yaliyomleta Shane Battier kutoka Houston Rockets.

Mwenendo huu unashangaza zaidi ukilinganishwa na matokeo ya utafiti wa Staw na Hoang (1995). Watafiti hao walionesha kwamba klabu za NBA huwapa wachezaji waliochaguliwa mapema dakika nyingi zaidi na kuwabakiza muda mrefu zaidi, hata pale kiwango chao cha uchezaji kinapozingatiwa, kwa sababu klabu haitaki kuonekana imepoteza gharama. Kwa kawaida, basi, nafasi ya juu katika drafti humkinga mchezaji. Kwa Thabeet kinga hiyo ilidumu muda mfupi sana. Kwa mtazamo mmoja, Memphis inastahili sifa kwa kutong'ang'ania kosa. Kwa mtazamo mwingine, kasi ya kukata tamaa inathibitisha kwamba hapakuwa na mpango wa malezi tangu mwanzo. Mtazamo wa pili una nguvu zaidi, kwa kuwa mradi wa muda mrefu hauwezi kutathminiwa kwa haki katika miezi minane.

Ushahidi wa ziada umo katika drafti hiyohiyo. Katika nafasi ya 27, Memphis ilimchagua DeMarre Carroll. Naye alipata dakika chache, naye akajumuishwa katika mabadilishano ya Battier. Baada ya kupita Houston, Denver na Utah, alifika Atlanta Hawks, ambako katika msimu wa 2014/15 alikuwa katika kikosi cha kwanza cha timu iliyoshinda michezo 60. Greivis Vásquez, aliyechaguliwa nafasi ya 28 mwaka 2010, aliachwa baada ya msimu mmoja, na mwaka 2012/13 alikuwa na wastani wa asisti 9 akiwa New Orleans. Kyle Lowry, aliyechaguliwa nafasi ya 24 mwaka 2006 kabla ya utawala wa meneja mkuu Chris Wallace, alitolewa chini ya Wallace Februari 2009 na akawa bingwa na Toronto mwaka 2019. Watu hawa watatu walitambuliwa na ofisi ya Memphis na wakakomaa katika mikono mingine. Jicho lilifanya kazi. Mkono ndio uliokuwa mfupi.

5.0 Kigezo cha Wingi wa Maamuzi

Kigezo cha tatu kinahusu idadi. Klabu ya NBA hupata machaguo 2 hivi kwa mwaka, hivyo meneja aliyekaa miaka 5 anaweza kuwa na maamuzi kama 10 tu ya kuhukumiwa. Idadi hiyo ni ndogo mno kutenganisha ustadi na bahati. Mfano wa kihesabu unatosha kulidhihirisha hilo. Tuchukulie kwamba kila chaguo lina nafasi ya nusu kwa nusu ya kufaulu na kwamba hakuna ofisi yenye ustadi kuliko nyingine. Uwezekano wa klabu moja kufaulu katika machaguo 5 mfululizo ni 1 kati ya 32. Katika ligi ya klabu 30, takriban klabu moja ingeonekana kuwa na uongozi wa ajabu na nyingine moja ingeonekana haijui kitu, ilhali zote zinarusha sarafu.

Kwa sababu hiyo, tathmini ya haki haina budi kupanua uwanja na kujumuisha maamuzi mengine yanayohitaji jicho lilelile: mabadilishano, mikataba mipya na wachezaji waliobakizwa. Chini ya Wallace, Memphis ilimtoa Pau Gasol kwa Los Angeles Lakers Februari 2008, uamuzi uliodhihakiwa sana wakati huo. Miongoni mwa vitu ilivyopokea ni haki za Marc Gasol, chaguo la 48 la mwaka 2007, aliyekuja kuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa msimu wa 2012/13. Mike Conley, chaguo la 4 la mwaka 2007, alipewa mkataba wa miaka 5 Novemba 2010 wakati wengi wakimtilia shaka, naye akawa mchezeshaji wa kutegemewa. Upande wa hasara, usiku wa drafti ya 2008 Memphis ilimbadilisha Kevin Love kwa O.J. Mayo, Love aliongoza ligi kwa ribaundi msimu wa 2010/11 kwa wastani wa 15.2.

Jumla ya maamuzi hayo ilizaa timu iliyoing'oa San Antonio mwaka 2011 ikiwa imeingia hatua ya mtoano kutoka nafasi ya 8, na iliyofika fainali ya ukanda wa Magharibi mwaka 2013. Inafaa kuzingatia kwamba kuondoka kwa Lowry ndiko kulikompa Conley dakika za kukua, na kuwepo kwa Gasol ndiko kulikomnyima Thabeet. Dakika 240 hazimtoshi kila mtu. Kosa la malezi kwa mmoja linaweza kuwa ndilo sharti la malezi ya mwingine, na mhakiki anayehesabu waliopotea bila kuhesabu waliobaki hupata nusu ya hesabu.

6.0 Mipaka ya Hoja ya Malezi

Hoja ya malezi isichukuliwe kuwa utetezi usio na mwisho. Baada ya Memphis, Thabeet alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na katika klabu hii ya mwisho alikaa misimu 2. Uongozi wa Oklahoma City ulikuwa na sifa ya kuwakuza vijana. Ndiyo klabu iliyomlea Serge Ibaka wa Kongo-Brazzaville, chaguo la 24 la mwaka 2008. Hata huko Thabeet hakupata nafasi ya kudumu. Hivyo haiwezekani kudai kwamba dakika zaidi jijini Memphis zingemfanya nyota. Kinachoweza kudaiwa ni kidogo zaidi na ni thabiti zaidi: kwamba miaka 2 ya kwanza, ambayo ni muhimu kwa mchezaji aliyeanza mchezo kwa kuchelewa, ilitumika vibaya, na kwamba matumizi hayo mabaya yangeweza kutabiriwa siku ya uteuzi kwa kutazama tu orodha ya wachezaji waliokuwepo.

Hoja nyingine inayoweza kutolewa ni kwamba klabu haina wajibu wa kuchagua kwa kuziba mapengo. Huchagua mchezaji bora aliyepo, kisha hupanga kikosi baadaye. Kanuni hiyo ina mantiki kwa mchezaji aliyekwisha kukomaa, kwa kuwa thamani yake inaweza kubadilishwa sokoni. Kwa mchezaji anayechaguliwa kwa matarajio ya kukua, thamani hushuka kila mwezi anapokaa benchi. Kwake yeye, swali la nani atamfundisha na atacheza lini ni sehemu ya tathmini ya kipaji chenyewe.

7.0 Hitimisho

Mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo huwaonya wanaochagua sana, lakini haisemi iwapo koroma ilichumwa kabla ya wakati wake. Uhakiki huu umeonesha kwamba hukumu juu ya Memphis ya 2009 inapaswa kugawanywa. Kuhusu utambuzi wa kipaji, kosa lake lilikuwa la wastani na lilishirikiwa na wengi: liliipa sifa moja adimu uzito uliozidi. Kuhusu malezi, kosa lake lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa uongozi ulichagua mradi wa muda mrefu bila kuutengea muda, na mwenendo huohuo ulijirudia kwa wachezaji wengine. Kuhusu uwezo wa jumla, rekodi ya mabadilishano na mikataba inauweka uongozi huo juu ya kiwango ambacho jina moja katika orodha ya 2009 lingeashiria.

Kwa watafiti wa michezo, matokeo haya yanapendekeza kwamba tathmini ya drafti ianze na orodha ya kikosi cha siku ile pamoja na dakika zilizokuwepo, ndipo ifuate orodha ya tuzo za miaka 10 baadaye. Kwa wanaoandika juu ya Mtanzania wa kwanza katika NBA, yanapendekeza tahadhari ya aina nyingine. Nafasi ya 2 haikuwa sifa aliyojidai nayo; ilikuwa bei iliyowekwa na ofisi. Bei ikizidi, anayepaswa kuulizwa kwanza ni mnunuzi.